Shule ya Tanga na Vijana wa Bara

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za shule moja kongwe, yaani shule ya serikali ya mji wa Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1892. Ilikuwa shule ya kwanza ya serikali katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na vijana wa nyumba nyingi za Uzigua, Usambaa na Bondei walijifunza herufi zao humo, au kwa mwalimu aliyetoka humo. Tena habari zake zatuonyesha jambo kubwa, nalo ni hili: mtu aweza kujenga shule kwa haja yake mwenyewe, lakini hawezi kuamuru elimu iliyotoka humo itumiwe kwa haja hiyo peke yake.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Watu wa pwani zamani walisema chuo, na mtoto aliyekwenda kusoma alisemwa kuwa yuko chuoni. Neno shule twalipata kwa Wadachi, kwani kwao huitwa Schule. Ndugu zetu wa Unguja, ambao Wadachi hawakuwatawala, husema skuli, kwa kulifuata neno la Waingereza. Vivyo hivyo twasema hela, nalo ni jina la sarafu ndogo ya Wadachi. Basi kila mama wa Handeni anapomwambia mwanawe, "Haya, nenda shule," ataja habari za zamani hizo pasipo kujua.

MAFUNDISHO YA ZAMANI

Mtu asidhani kwamba nchi yetu ilikuwa gizani kabla ya mwaka 1892. Wazigua, Wasambaa na Wabondei walikuwa na jando na unyago, na wazee waliwafundisha vijana adabu, kazi, dawa za miti, mipaka ya mashamba na habari za koo zao. Pwani vilikuwako vyuo vya Kurani, na watu walikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika vyuo hivyo walitoka watu hodari sana wa kalamu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya Wadachi na watu wa Mrima. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kielezacho watawala wa Usambaa tangu Mbegha alipotoka Nguu na kupanda milimani. Watu hao hawakungoja Mzungu awafundishe maana ya kuandika.

Misioni pia zilikwisha kuanza kazi. Misioni ya Waingereza iliyokuwa na makao Unguja ilifika Magila, katika nchi ya Wabondei, katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 ikaweka kituo Korogwe. Vijana walioonekana kuwa na akili walivushwa bahari kwenda Kiungani, Unguja, wakasomea ualimu, kisha wakarudi kufundisha vijijini. Kwa hiyo shule ya Tanga ilipofunguliwa, ilikuta chuo cha Kurani upande mmoja na shule ya misioni upande wa pili, na nyuma ya vyote viwili yalikuwako mafundisho ya wazee.

KUANZISHWA KWA SHULE

Yatupasa kukumbuka wakati wenyewe ulivyokuwa. Mwezi wa Agosti 1888 watu wa Pangani waliwakataa Wadachi, na vita vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim. Kwa upande wa Saadani kiongozi alikuwa Bwana Heri bin Juma, ambaye Wazigua wengi walimfuata. Abushiri akakamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bwana Heri akaweka silaha chini mwaka 1890. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Wadachi ikashika utawala wa nchi yenyewe, badala ya kampuni ya biashara iliyotangulia. Mwaka uliofuata ndipo shule ya Tanga ilipoanza. Kwa hiyo wazee waliotakiwa kuwatoa watoto wao ndio wale wale ambao miaka miwili au mitatu nyuma walizika ndugu zao waliouawa kwa bunduki za Wadachi.

Mbona Wadachi walitaka shule? Sababu zao zilikuwa wazi. Nchi ilikuwa kubwa, na Wazungu walikuwa wachache. Walihitaji makarani, wakalimani, watu wa forodha na wa posta, na watu wa kuhesabu kodi. Waandishi waliokuwako waliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo maafisa wengi wa Kidachi hawakuweza kuzisoma, na mtu asiyeweza kusoma barua ya karani wake yumo mikononi mwa karani huyo. Kwa hiyo Gavana Julius von Soden alitaka shule itakayofundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mwalimu Mdachi wa mwanzo aliitwa Barth, na baadaye akaja mwalimu Blank, ambaye jina lake lilijulikana sana katika shule hiyo.

Palizuka neno kubwa juu ya dini. Von Soden aliona kwamba watu wa pwani ni Waislamu, na kwamba hawataleta watoto wao katika shule ya kuwageuza dini. Akashika kwamba shule ya serikali isifundishe dini ya Kikristo. Wamisioni wengi walikasirika, wakasema serikali yaupendelea Uislamu. Waislamu nao hawakuamini upesi, wakahofu kwamba huo ni mtego. Basi shule ikashukiwa pande zote mbili. Hata hivyo shauri lile lilizaa jambo jema: katika madarasa ya Tanga mtoto wa Kiislamu na mtoto asiye Mwislamu waliweza kukaa ubao mmoja, na mwalimu asiulize sala zao.

Wazazi walisita, na haikuwa ajabu. Mtoto ni mkono wa baba katika shamba, na ni macho yake katika kulinda ngedere na nguruwe. Kumtoa mtoto kwa miaka kadhaa ni kutoa mali. Serikali ikatumia amri kupitia kwa majumbe ili watoto wapatikane. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Wengi waliubusu mkono huo pasipo mapenzi.

MASOMO, UFUNDI NA GAZETI

Shule ilikuwa ya wavulana. Walijifunza kusoma, kuandika, hesabu na kuimba, na waliofika mbele walijifunza Kidachi. Lakini lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na hapa pana jambo la kuliangalia vema. Mtoto wa Kizigua, wa Kisambaa, wa Kidigo na wa Kibondei hawakuwa na lugha moja nyumbani. Shuleni waliikuta lugha moja, nayo haikuwa ya mtawala. Kijana alielewa hesabu kwa lugha aliyoweza kuizungumza sokoni. Leo masomo mengi ya shule za sekondari katika nchi yetu husomeshwa kwa Kiingereza, na watu wabishana kama ni vema au sivyo. Katika ubishi huo yafaa kukumbuka kwamba shule ya serikali ya kwanza kabisa ilianza kwa Kiswahili.

Pamoja na vitabu palikuwa na ufundi. Vijana walifundishwa useremala na kazi nyingine za mikono, na kazi ya kupiga chapa na kutia vitabu jalada. Hii kazi ya chapa ndiyo iliyoipa shule sifa kubwa. Mwaka 1904 lilianza kupigwa chapa shuleni hapo gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likatoka kila mwezi. Kabla yake misioni zilikuwa na magazeti yao, kama Msimulizi la Kiungani na Habari za Mwezi la Magila, lakini hayo yalisomwa zaidi na watu wa misioni. Kiongozi lilikwenda kwa makarani, walimu, maakida na wafanya biashara wa pwani na bara. Watu wakaandika barua kutoka wilaya za mbali kueleza mvua, njaa, safari, vifo vya wazee, na wengine wakapeleka mashairi. Karani aliye peke yake katika boma la mbali aliona jina la rafiki yake limepigwa chapa, akajua kwamba wako wengi waliosoma kama yeye, na kwamba lugha yao ni moja.

Twapenda wanafunzi walifikiri jambo hili. Gazeti hilo lilikuwa chini ya mkono wa Wadachi, nalo halikuweza kusema kila kitu. Lakini watu walipozoea kuandikiana kutoka pembe moja ya nchi hata pembe nyingine, walianza kujiona kuwa ni watu wa nchi moja. Mashine ya kupigia chapa iliwekwa kwa sababu moja, ikafanya kazi mbili.

Desturi nyingine ya shule ilikuwa bendi. Wavulana walifundishwa matarumbeta na ngoma za kizungu, wakapiga siku za sherehe mbele ya watu wa mji. Watu wa pwani ni wapenzi wa ngoma tangu zamani, na mashindano ya ngoma ni desturi yao. Baadaye ngoma ya beni ilipoenea Afrika ya Mashariki yote, pamoja na nguo zake, vyeo vyake na gwaride lake, bendi za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoigwa.

NJIA YA KOROGWE NA HANDENI

Sasa tuje kwetu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Kazi ilikwenda polepole: ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Tangu gari la moshi lilipofika Korogwe, mji wa Tanga ukawa karibu na watu wa bonde la Ruvu. Mizigo ya mkonge ilishuka kwenda pwani, na barua, magazeti na walimu wakapanda kuja bara. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Mdachi Richard Hindorf aliuleta kutoka Marekani mwaka 1893, ukapandwa kwanza karibu na Pangani. Mashamba yalipoenea, kila shamba lilihitaji karani wa kuandika siku za kazi, na makarani hao walitoka katika shule.

Handeni haikupata reli. Kutoka Handeni hata Korogwe ni kama maili 40, na kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya miguu. Kwa kijana wa Uzigua elimu ilianza kwa kuchoka. Lakini shule ya Tanga haikukaa mjini tu. Waliomaliza masomo walipelekwa kufungua shule ndogo vijijini, wakafundisha kile walichofundishwa. Shule hizo zilikuwa za miti na udongo na nyasi, na mwalimu mwenyewe alikuwa kijana. Pengine wazee walicheka kumwona mtu asiye na ndevu akiitwa mwalimu. Lakini jumbe alipoletewa barua na boma, alikwenda kwa kijana huyo huyo asomewe.

Hatuna budi kusema pia upande mchungu. Wengine waliotoka shuleni walifanywa maakida, wakapewa nguvu juu ya watu wasiokuwa wa kabila lao, wakadai kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ile, wakawatoa watu kwenda kufanya kazi. Akida mwema alikuwako, na akida mdhalimu alikuwako. Kusini mwa nchi chuki juu ya maakida ilikuwa moja ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Kwa mkulima wa wakati ule, kalamu na kiboko vilionekana kama ndugu wawili. Mzee aliyekataa kumpeleka mwanawe shule hakuwa mjinga. Aliogopa kwamba mwanawe atarudi kuwa mtu wa kudai, naye atakuwa mtu wa kudaiwa.

Hesabu ya wanafunzi pia ilikuwa ndogo. Mwaka 1914 shule zote za serikali katika nchi nzima zilikuwa kama 100, na wanafunzi wake kama 6,000. Shule za misioni zilikuwa na wanafunzi zaidi ya laki moja. Lakini wale wachache wa serikali walionekana kila mahali, kwa kuwa walikaa bomani, stesheni, forodhani na posta.

VITA NA MTAWALA MPYA

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, Tanga ilikuwa kati ya miji ya kwanza kupigwa. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli askari kama 8,000 kutoka Bara Hindi, wakashindwa na jeshi dogo la Wadachi na askari wao Waafrika. Katika mapigano hayo nyuki nao walitoka mizingani wakauma watu, na habari hiyo ingali yasimuliwa Tanga. Lakini mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliuingia mji. Masomo yalivunjika na gazeti la Kiongozi likakoma. Baadhi ya walimu wa misioni ya Waingereza walifungwa na Wadachi, kwa kushukiwa kwamba wanapeleka habari kwa adui.

Waingereza waliposhika nchi walikuta jambo ambalo hawakulizoea katika nchi zao nyingine za Afrika: afisa aliweza kumwandikia jumbe barua kwa Kiswahili, na jumbe akajibu kwa maandishi. Wakaona hapana haja ya kuanza upya. Shule ya Tanga ikafunguliwa tena ikawa shule kuu ya serikali katika jimbo la Tanga, na Kiingereza kikaingia mahali pa Kidachi katika madarasa ya juu. Mwaka 1923 serikali ikaanzisha gazeti la Mambo Leo, ambalo twaweza kuliita mdogo wake Kiongozi. Vijana waliofaulu katika shule za vijijini za Handeni na Korogwe walikwenda Tanga kuendelea na masomo, wakalala bweni pamoja na wenzao wa makabila mengine.

CHAMA CHA MAKARANI

Sasa twafika penye kiini cha habari zetu. Mwaka 1922 makarani na walimu wa serikali mjini Tanga waliunda chama chao. Aliyesimama mbele alikuwa Martin Kayamba, mtu wa ukoo wa Kikilindi wa Kilole, karibu na Korogwe. Kayamba alizaliwa Unguja mwaka 1891, akasoma Kiungani, akafungwa na Wadachi wakati wa vita, kisha akawa karani katika boma la Tanga. Hakusoma katika shule ya serikali ya Tanga, na ndiyo sababu chama chake ni cha kuangaliwa. Ndani yake walikutana watu wa namna mbili, Wakristo waliotoka Kiungani na Waislamu waliotoka shule ya serikali. Zamani kila upande uliushuku mwingine. Sasa walikaa meza moja wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakazungumza juu ya mishahara na heshima ya mfanya kazi Mwafrika.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya wajumbe wa Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mtoto wa Kilole aliwasimulia watu wa kwao Uingereza ilivyo, badala ya Mwingereza kuwasimulia.

Chama cha Tanga kilikuwa kidogo, na maneno yake yalikuwa ya upole. Lakini mwaka 1929 kilianzishwa Dar es Salaam chama cha Waafrika cha nchi nzima, na mwaka 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU chini ya Julius Nyerere. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Hatusemi kwamba uhuru ulitoka katika shule moja. Twasema kwamba watu waliofundishwa kuandika hesabu za mtawala walijifunza pia kuandika madai yao wenyewe, na mtawala hakuwa na njia ya kuwafundisha jambo moja akawanyima la pili.

MAMBO YALIYOBAKI

Baada ya uhuru shule ya Tanga iliendelea kuwa sekondari ya serikali, na baadaye ikajulikana kwa masomo ya ufundi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoeleza Elimu ya Kujitegemea, akataka mikono na akili zifanye kazi pamoja, watu wa Tanga hawakuona ugeni mkubwa. Vijana wao walishika randa na herufi za chapa tangu zamani za Wadachi. Tofauti ilikuwa katika nia: zamani zile ufundi ulikuwa kwa haja ya boma, na sasa ulitakiwa uwe kwa haja ya kijiji.

Tukikusanya desturi za shule hiyo, twaona nne zinazostahili kukumbukwa: vijana wa makabila mengi kukaa pamoja, kutomwuliza mtu dini yake kabla ya kumfundisha, kuunganisha kitabu na kazi ya mikono, na kukiandika Kiswahili ili watu wa mbali wasikilizane. Hizi zafaa kushikwa hata leo. Lakini palikuwa na kasoro mbili zisizofaa kurudiwa. Wasichana waliachwa nje, na elimu ilitumiwa kumpa mtu nguvu juu ya jirani yake. Kijiji kimpelekacho kijana shule kina haki ya kumwuliza atarudi na nini.

Basi wanafunzi wetu wa Handeni na Korogwe, twawapeni kazi moja. Katika kila kijiji alikuwako mtu wa kwanza aliyefundisha watoto kusoma, chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Waulizeni wazee jina lake, mahali alipotoka, aliwafundisha nani, na kama wazazi walikubali au walilazimishwa. Andikeni majibu katika daftari, kwa wino, pamoja na jina la mzee aliyesema. Habari za makarani wa Tanga twazijua kwa sababu waliandika. Habari za mwalimu wa kijiji chenu zimo vichwani mwa wazee wachache, na wazee hao hawatakaa milele.